Mstari Ulionyooka Umeme Ulipokatika

Mwezi uliopita nilikaa siku nne nikishindwa kuchora mstari. Sisemi mchoro wa injini wala ramani ya bara la Afrika; nasema mstari, ule wa kuanzia hapa kwenda pale. Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya sekondari hapa Morogoro, na kila tunapokaribia mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne huchora mwenyewe michoro ya maswali yangu, ndani ya programu ileile ninayochapia maswali, kwa sababu picha za kuokoteza mtandaoni mara nyingi vipimo vyake havikubaliani na swali lililoandikwa chini yake.

Safari hii lilikuwa swali la lenzi mbinuko. Kitu kimesimama sentimita 30 mbele ya lenzi ambayo urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale miale sambamba inapokutana, ni sentimita 10, na mwanafunzi anatakiwa aonyeshe kwa miale kwamba taswira inaangukia sentimita 15 upande wa pili, imepinduka, na kimo chake ni nusu ya kimo cha kitu. Nilichagua kipimio cha 1 kwa 5, ili kwenye karatasi fokasi ikae sentimita 2 kutoka kwenye lenzi, kitu kikae sentimita 6 na taswira sentimita 3, namba nzima zinazopimika kwa rula ya kawaida ya plastiki. Mhimili (ule mstari uliolala unaopita katikati ya lenzi), lenzi na kitu vingekwenda kwenye karatasi ya maswali. Miale yote na taswira vingekwenda kwenye mwongozo wa kusahihishia. Kazi ya nusu saa, nilijiambia.

Nilipoweka kidole kwenye tachipadi na kuanza kuburuta, kishale kikatetemeka kama mkono wa mtu mwenye homa. Mhimili niliotaka ulale sawasawa ulimalizikia milimita kadhaa juu ya pale nilipoachia kidole, na nilipoufuta na kuurudia ukamalizikia chini. Nilijaribu kuchora ukingo wa lenzi kwa mkono huru, nikapata kitu chenye meno kama msumeno. Mara mbili ukurasa mzima ulijikuza wenyewe hadi herufi zikawa za kubandikwa ukutani, ilhali nilikuwa nimeweka kidole kimoja tu. Ajabu ni kwamba nilipokuwa nachapa maneno sikuona tatizo lolote kubwa. Anayeandika hukigusa kishale mara moja kwa dakika na hana habari nacho tena. Anayechora hukishika mkononi muda wote, na kila mtikisiko unabaki kwenye karatasi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha. Kila niliyemwomba msaada nilimwambia, “Kishale kinaruka,” na kila mmoja akajibu kulingana na kishale kilichowahi kumrukia yeye. Mwalimu mwenzangu wa Jiografia alisema ni virusi. Mwingine akasema nisasishe kiendeshi cha tachipadi, yaani programu ndogo inayoiendesha, nikakisasisha, hali ikabaki vilevile. Fundi wa kompyuta wa mjini alinipokea kwa heshima zote.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Kishale kinaruka, fundi.”

Akachomeka chaja yangu kwenye ekstensheni yake, akapitisha kidole mara tatu, akatikisa kichwa. “Tachipadi hii imekufa, mwalimu. Tuagize nyingine.” Simlaumu. Alichokiona kwa macho yake ni tachipadi inayotetemeka, na mimi sikumpa neno lolote la kumfanya aangalie kwingine. Niliomba muda wa kufikiri, yaani muda wa kutafuta fedha.

Nyumbani nikaja na wazo nililoliona la kisayansi kabisa: nitumie kipanya cha waya. Kikifanya kazi vizuri, tachipadi ndiyo mbovu. Kikiruka nacho, basi tachipadi haina hatia. Nikakaa kwenye meza ya kulia chakula, ambayo juu yake ina kioo, nikachomeka kipanya, nikaanza kuburuta. Kishale kikatembea vizuri kwa kitambo, kikasimama palepale ingawa mkono wangu uliendelea kwenda, kisha kikachupa hadi pembeni ya ukurasa.

“Baba, labda kompyuta imechoka,” alisema binti yangu aliyekuwa akifanya kazi zake za shule upande wa pili wa meza.

Nami nikafikia hitimisho ambalo mpaka leo ninalionea haya. Kwa kuwa vyombo viwili tofauti vyote vinarusha kishale, nilisema, sababu ni lazima iwe kitu kimoja kinachovihusu vyote, na kitu hicho ni programu. Nikaiondoa programu ya kuandikia, nikaipakua upya, nikaisakinisha. Bando la wiki likaishia hapo, jioni nzima ikaishia hapo, na kishale hakikubadilika hata chembe. Ninawafundisha watoto wa miaka 16 kwamba katika jaribio hubadilishwa kitu kimoja na vingine vyote huachwa kama vilivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilisha chombo pamoja na meza bila kuona kuwa meza nayo ni sehemu ya jaribio.

Jibu la kwanza lilikuja lenyewe Jumatano, kama saa tatu usiku. Nilikuwa nimerudi kwenye tachipadi, katikati ya kuburuta ule mhimili kwa mara ya sijui ya ngapi, umeme ukakatika. Taa ikazimika, feni ikaendelea kujizungukia kwa uvivu, skrini ikafifia kidogo kama ilivyo kawaida yake inapohamia kwenye betri, na kishale kikatulia. Kilitulia tuli. Niliburuta mstari mmoja, wa pili, wa tatu, gizani, na yote ikaenda sawa kama imechorwa kwa rula. Nikachora ukingo wa lenzi kwa mkono huru, ukatoka laini. Umeme uliporudi baada ya dakika 40 hivi, na chaja ikawaka tena, kutetemeka kukarudi sekunde ileile. Nikachomoa chaja: utulivu. Nikachomeka: homa. Nilirudia mara kumi, kwa furaha ya mtu aliyempata mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Maelezo yake yako katika somo ninalolifundisha, na ndiyo maana naona haya zaidi. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ilitoka Ujerumani, na ilikuja na waya wake wa kule. Plagi yake ni ya mviringo, ina pini mbili nene, na ethi yake, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, haina pini: ni vibati viwili vya shaba vilivyo ubavuni, juu na chini, ambavyo hugusana na vibati vya soketi za Ulaya. Soketi zetu nyingi ni zile za Kiingereza zenye matundu matatu ya mstatili. Tundu la juu ni la ethi, na pini ndefu inapoingia humo husukuma vijilango vinavyofunga matundu mawili ya chini, ili mtoto asichomeke msumari. Plagi ya pini mbili haina cha kuvifungulia vijilango hivyo. Kwa hiyo unafanya kile ambacho karibu kila nyumba hapa inakifanya: unachukua kofia ya kalamu, unaikandamiza kwenye tundu la juu, vijilango vinafunguka, unaisukuma plagi ndani, kisha unaichomoa kofia au unaiacha humohumo. Kompyuta inapata umeme. Ethi haipati kamwe, kwa sababu vibati vyake viko ubavuni vikigusana na hewa, na tundu la ethi lina kofia ya plastiki au liko tupu.

Sasa, chaja ya kompyuta hupokea umeme wa volti 230 unaobadilika mara 50 kwa sekunde, ikaukatakata kwa kasi kubwa sana ili kuushusha hadi volti 19 au 20. Ukatakataji huo huzaa kelele za kiumeme, na ndani ya chaja kuna kapasita ndogo zilizowekwa makusudi ili kelele hizo zipate njia ya kwenda kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, njia inakosa mwisho, na bati lote la kompyuta linabaki likielea kwenye volti ya kati, takriban nusu ya ile ya ukutani, ingawa mkondo wake ni mdogo mno. Wengi wanaifahamu hali hii bila kujua jina lake: ni ule msisimko unaousikia ukipitisha kiganja juu ya kompyuta ya bati iliyo kwenye chaji ukiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji, ambao hutoweka ukivaa kandambili. Mimi nilikuwa nausikia kwa miezi sita na nikauchukulia kuwa ndiyo tabia ya kompyuta za chuma.

Tachipadi nayo haipimi uzito wa kidole wala joto lake. Chini yake kuna mtandao wa nyuzi za shaba, na inachopima ni mabadiliko madogo sana ya kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) pale kidole kinapokaribia. Kompyuta ikiwa inaelea na mtu amesimama juu ya ardhi, kelele za chaja hupita kati ya nyuzi hizo na kidole chenyewe, na kipimo kinachezacheza. Ndipo kidole kimoja kilichotulia kinaonekana kuwa kinahama huku na huku, na mara nyingine kinahesabiwa kuwa vidole viwili vinavyoachana, ambayo ni ishara ya kukuza ukurasa. Hata kitu kidogo nilichokuwa nimekiona na kukipuuza kilipata maana: nilipouegemeza mkono wa kushoto juu ya bati la kompyuta, kutetemeka kulipungua, kwa sababu mwili wangu na kompyuta vilikuwa vimefungwa pamoja na vinapanda na kushuka kwa pamoja.

Dawa ilikuwa waya mmoja. Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme nikanunua waya wa chaja wenye plagi ya pini tatu za mstatili, fyuzi ndani yake, na upande wa pili ule mdomo wa matundu matatu unaoingia kwenye chaja. Hapa niongeze jambo ambalo lingeweza kuniangusha tena. Niliuchomeka waya mpya kwenye soketi ya chumbani, na kishale kikatetemeka kama zamani. Nikausogeza kwenye soketi ya sebuleni, kikatulia. Niliyejifunza kwa kioo cha meza sikukurupuka kusema kuwa waya ni mbovu. Nilimwita fundi wa umeme, akazima swichi kuu, akaifungua soketi ya chumbani, na tukauona sote wawili ule waya wa kijani na njano umekunjwa vizuri nyuma ya soketi, haujafungwa popote. Aliyejenga aliona tundu la tatu ni urembo. Kazi hiyo msiifanye wenyewe, na tafadhali asiwepo wa kuifunga ethi yake kwenye bomba la maji kwa sababu amesoma habari za kishale hapa.

Kilichobaki ni kipanya. Nilikiweka juu ya kava la daftari la kaunta buku, juu ya meza ileile, na hakikuruka tena hata mara moja. Kipanya cha siku hizi kina taa chini na kamera ndogo sana inayopiga picha za uso wa meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde. Hulinganisha kila picha na iliyotangulia, na kwa tofauti hiyo hujua kimekwenda wapi. Kioo hakina madoa wala nyuzi za kulinganisha, kwa hiyo picha zote zinafanana, na kipanya kinaamini kuwa hakijaondoka mahali pake mpaka kikutane na tone la mchuzi. Kile alichokionyesha mvumbuzi wa kipanya, Douglas Engelbart, mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968 kilikuwa kiboksi chenye magurudumu mawili, nacho kisingebabaishwa na kioo kwa namna hii. Kila maendeleo na udhaifu wake.

Hapo nilidhani nimemaliza, na mhimili ukachoreka. Lakini nilipofika kwenye fokasi, kishale kikaruka kwa namna ya tatu. Hakikutetemeka, wala hakikusimama kisha kikachupa. Kilitii mkono wangu vizuri, ila ncha ya mstari ikakataa kukaa pale nilipoiweka na kujisogeza yenyewe hatua moja kushoto au hatua moja kulia, na hatua zote zilikuwa sawa. Usawa huo ndio ulioniambia kwamba safari hii naongea na programu. Umeme mchafu haujui kuhesabu hatua sawa.

Programu za kuandikia huwa na gridi ya kuchorea, yaani mistari inayokatana kama wavu, ambayo mara nyingi haionekani. Kila ncha ya umbo unalolichora hunata kwenye makutano ya gridi yaliyo karibu, ili visanduku vya kawaida vipangike bila jasho, na kwa mtu anayechora chati ya uongozi wa shule ni msaada mkubwa. Kwangu, nafasi ya gridi ilikuwa milimita 3 na kidogo. Kwa hesabu kamili, pointi 9 (pointi ni kipimo cha wachapaji), yaani milimita 3.175. Pigeni hesabu pamoja nami. Fokasi niliitaka milimita 20 kutoka kwenye lenzi, lakini makutano ya karibu yako kwenye milimita 19.05, na ndipo ilipokwenda kunata. Kitu nilikitaka kwenye milimita 60, kikaenda 60.3, jambo ambalo jicho lingelisamehe. Taswira niliyoitaka kwenye milimita 30 ikavutwa hadi 28.6. Mwanafunzi makini, anayepima kwa rula na kuzidisha kwa 5, angepata umbali wa taswira wa sentimita 14.3, akajiona amekosea wakati aliyekosea ni mwalimu wake, na kanuni ya lenzi ingeonekana ya uongo kwa sababu ya mstari usioonekana.

Njia ya haraka ya kuishinda gridi, katika programu ninayoitumia, ni kushikilia kitufe cha Alt wakati wa kuburuta. Ncha inakwenda unapotaka. Kitufe cha Shift kinafanya kazi ya kinyume na ni rafiki wa mhimili: ukikishikilia, mstari unalazimika kulala sawasawa au kusimama wima au kufuata pembe maalumu, na duara halitoki yai. Kwa mchoro wenye kipimio, hata hivyo, mimi siku hizi sitegemei mkono kabisa. Nimeingia kwenye mipangilio ya gridi, katika sehemu ya kulinganisha maumbo, nikabadilisha nafasi kuwa milimita 1 kwa upana na kwa urefu, kwa kuwa 20, 30 na 60 zote zinagawanyika kwa 1 bila baki. Na kwa umbo lolote ambalo umbali wake utapimwa na mwanafunzi, nafungua sifa zake na kuandika kwa tarakimu limekaa wapi na lina ukubwa gani. Gridi niliyoichukia kwa dakika 20 sasa nimeiacha iwake, na inaonekana.

Kuna mambo mawili nitayapitia mbiombio. Katika mipangilio ya kipanya kuna kisanduku cha tiki kinachojidai kuongeza usahihi wa kishale, ilhali kinachofanya ni kukipeleka mbali zaidi mkono ukienda kasi na karibu zaidi mkono ukienda polepole. Kwa kuchora nimekiondoa. La pili, mchoro ukikamilika, chagua vipande vyake vyote uvifunge kuwa kundi moja, kisha kundi hilo liwekwe kwenye mstari wa maandishi kama herufi kubwa. La sivyo, utaongeza neno moja kwenye swali la juu na lenzi itabaki ukurasa huu huku miale ikihamia ukurasa unaofuata.

Mtihani uliingia chapani Jumatatu. Siku hiyohiyo, katika ofisi ya walimu, yule mwenzangu wa Jiografia alikuwa akilalamika kuwa kishale chake nacho kinaruka anapochora ramani ya mito, nami nikanyanyuka na waya wangu mpya kwa majivuno ya mganga. Nikauchomeka kwenye soketi nzuri: kikaruka. Nikachomoa chaja kabisa: kikaruka. Nikampa kava la daftari na kipanya: kikaruka, na tachipadi ikawa inajibofya yenyewe bila kuguswa. Nikaishiwa maneno. Ndipo nilipoiona kompyuta yake inayumba juu ya meza iliyo sawa, nikaigeuza, na tumbo lake lilikuwa limetuna katikati. Betri ilikuwa imevimba na inaisukuma tachipadi kutoka chini. Tuliizima, tukaiweka mbali na jua, na nikamwambia asiichaji tena mpaka betri itolewe na fundi.

“Kwa hiyo si virusi?” aliuliza.

“Si virusi, mwalimu,” nilimjibu, nikarudi kwenye meza yangu na waya wangu.